Nilivyong'arisha gitaa la Mzee kwa shelaki

Najua nimekuwa kimya. Niliahidi kuendelea na ule mfululizo wa makala kuhusu hifadhidata, kisha nikapotea karibu miezi miwili. Sababu ni kwamba nilikuwa na gitaa la kung'arisha. Hata sasa ninapoandika, kucha za mkono wangu wa kulia zina rangi ya chai ya mkandaa. Kwa hivyo leo hakuna msimbo. Nataka kuwaeleza kuhusu polishi inayoitwa polishi ya Kifaransa, inavyopakwa, na jinsi nilivyoiharibu kabla sijaipatia. Atakayeona haya si mambo ya tarakilishi anivumilie kidogo.

Gitaa lenyewe

Mzee wangu ni seremala. Kwa zaidi ya miaka thelathini ametengeneza vitanda, milango na makabati huko kwetu Vihiga. Jioni, kazi ikiisha, alipiga gitaa kwa mtindo wa omutibo, ule wa vidole viwili, gumba na cha shahada, uliovumishwa na George Mukabi kabla hajafariki mwaka 1963. Alipopunguza kazi nzito alianza kutengeneza gitaa lake la kwanza na, alivyosema mwenyewe, la mwisho. Uso ni wa saipresi iliyonyooka nyuzi. Mgongo na mbavu ni za mvule uliotoka kwenye mlango wa zamani wa nyumba ya babu. Shingo ni mkangazi, na ubao wa vidole ni mpingo.

Mwezi wa Machi 2024 akapata kiharusi. Tunamshukuru Mungu, akili na ulimi vilirudi, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito. Gitaa lilikuwa limebakia polishi, daraja na nyuzi tu. Likafungwa ndani ya shuka, likakaa juu ya kabati zaidi ya mwaka mzima na hakuna aliyelitaja. Julai 2025 akanipigia simu.

"Kijana, una likizo?"

"Ninayo Baba, ya wiki mbili, mwezi ujao."

"Basi uje na mkono wako wa kulia."

Kuna jambo ninalopaswa kulisema hapa ili mnielewe. Mimi ndiye niliyetarajiwa kurithi karakana. Mwaka 2016 nilipopata barua ya kwenda chuo kikuu kusomea sayansi ya kompyuta, tulibishana, nami nikamwambia kwamba kazi yake itafanywa na mashine kabla sijamaliza digrii. Hakunijibu. Karo alilipa, muhula baada ya muhula. Lakini tangu siku ile hakuniambia tena, "Hebu nishikie hii." Wale waliokulia karakana wanajua uzito wa maneno hayo.

Shelaki ni nini?

Polishi ya Kifaransa si jina la chupa fulani dukani. Ni namna ya kupaka, na kinachopakwa ni shelaki. Na shelaki hutoka kwa mdudu! Kuna mdudu mdogo sana, Kerria lacca, anayeishi kwenye matawi ya miti fulani huko India na Thailand. Jike hunyonya utomvu wa mti na kutoa resini inayomfunika yeye na watoto wake. Watu hukwangua resini hiyo kutoka kwenye vijiti, huiyeyusha kwa moto, huichuja, huivuta ikawa karatasi nyembamba, kisha huivunja iwe magamba. Ukiyashika yanafanana na vipande vya chupa ya bia iliyovunjika, ila ni mepesi.

Usidhani ni kitu kigeni kwako. Umekwisha kukila, maana shelaki hupakwa kwenye peremende na vidonge vya dawa ili ving'ae. Lakiri iliyofungia barua na vifurushi zamani ilikuwa na resini hiyo hiyo. Tena santuri zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake ilirudi nyumbani ndani ya shelaki. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 na kuwafunza vijana wengi wa kwetu kupiga gitaa kwa vidole, naye alitufikia kwa njia hiyo. Mzee anasema alijifunza kwa kusikiliza santuri kwenye gramafoni ya jirani. Kwa hivyo kabla ya shelaki kuwa juu ya gitaa lake, gitaa lilikwisha kuwa ndani ya shelaki. (Msithubutu kuyeyusha santuri za babu zenu mpate polishi. Sehemu kubwa ni mawe na masizi.)

Kwa nini usipulize vanishi tu?

Hilo ndilo swali nililomuuliza Mzee siku ya kwanza. Akachukua kijibao cha saipresi, akakishika kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto na kuniambia nikigonge. Kililia. Akachukua kingine cha mti ule ule, alichokwisha kukipaka vanishi nene ya meza. Kikatoa sauti kama ya mlango.

Uso wa gitaa hauzidi sana unene wa milimita 2.5. Ndio ngoma yenyewe. Kila unachokipaka juu yake ni mzigo unaobebwa na ngoma hiyo inapotetemeka. Vanishi ya plastiki hukaa kama koti la mvua, na ni ngumu kuchubuka, ndiyo maana viwanda vinaipenda. Shelaki iliyopakwa kwa mkono hukaa kama jasho, nyembamba kuliko karatasi. Mafundi wa magitaa ya Kihispania wameitumia tangu karne ya 19 na wengi hawajaiacha mpaka leo. Ubaya wake ni kwamba ni laini: joto huidhuru, na pombe huiyeyusha. Mzee alinionya kwamba mpigaji gitaa akimwagikiwa na chang'aa, polishi ndiyo italewa kwanza.

Kosa la kwanza: sikusoma

Magamba ya shelaki huyeyushwa kwa spiriti. Kipimo chetu kilikuwa gramu 50 kwa mililita 250. Unaacha usiku kucha ndani ya chupa ya kioo, unatikisa kila ukipita, asubuhi unachuja kwa kitambaa safi. Rahisi, sivyo?

Mimi nilipita duka la dawa nikanunua spiriti ya kwanza niliyoonyeshwa. Asubuhi nikakuta chupa ina uji wa kijivu na madonge chini. Mzee akaniambia nisome karatasi ya chupa. Asilimia 70. Hiyo ni ya kusafishia vidonda, na asilimia 30 iliyobaki karibu yote ni maji. Shelaki haipatani na maji. Mimi ambaye kila siku nawafokea wenzangu kazini wasome maelezo kabla ya kuuliza maswali! Nikapanda boda boda kutafuta spiriti ya asilimia 95 na zaidi.

Tahadhari mbili kabla hamjajaribu. Spiriti ya viwandani huwa na methanoli, ambayo ni sumu hata ikipitia kwenye ngozi au ikivutwa puani. Vaa glavu na ufungue madirisha (mimi nilizivua nikitaka kuuhisi ubao, ndiyo maana ya hizi kucha). La pili, inashika moto upesi, kwa hivyo jiko la makaa likae mbali. Pia usichanganye shelaki nyingi ya kuweka. Ikishakuwa ndani ya spiriti huzeeka taratibu, na baada ya miezi kadhaa hupakika lakini haikauki vizuri. Andika tarehe kwenye chupa. Ukiwa na shaka, dondosha tone moja kwenye kioo, na likibaki la kunata hata kesho yake, mwaga.

Mvule na jiwe la kusugulia miguu

Tulianza na mgongo. Kwanza msasa, namba 220 kisha 320, kwa kufuata nyuzi za mti. Mzee alinikumbusha kwamba zamani msasa haukuwa karatasi. Ni mti, na majani yake yana makwaruzo, mafundi walikuwa wakiyasugua kwenye mbao. Karatasi ilikuja ikarithi jina.

Mvule una vinyweleo vikubwa. Ukiutazama kwa karibu ni kama uso ulioota ndui. Ukipaka shelaki juu yake bila kuviziba utapata mng'ao wenye mashimo. Hapa ndipo linapoingia jiwe la volkano, lile jepesi la kusugulia nyayo bafuni. Mzee alikuwa amelitwanga kabla hajaugua, akalichuja kwa soksi ya nailoni hadi likawa laini kama unga wa ngano.

Sasa mnahitaji kifundo. Hiki ndicho chombo pekee cha kazi hii. Chukua donge la sufu au pamba, ukubwa wa yai dogo, ulifunge ndani ya kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi. Sisi tulitumia shati kuukuu la Mzee la kwenda kanisani. Wahispania hukiita kifundo hiki muñeca, yaani mwanasesere. Shelaki humiminwa ndani, kwenye sufu, halafu hujipenyeza yenyewe nje ukikibana.

Kwa mvule unanyunyiza unga wa jiwe kidogo mno, unatia spiriti na shelaki kiasi tu, kisha unasugua kwa miduara ukikaza mkono. Jiwe hukwaruza mbao, vumbi la mvule linachanganyika na shelaki, na mchanganyiko huo unajaa kwenye vinyweleo. Yaani mti unazibwa kwa mti wenyewe, ndiyo maana rangi haitofautiani. Kazi hii ilinichukua siku tatu, na usiku nililala bega likiniuma kuliko siku yoyote niliyowahi kukaa mbele ya kipakatalishi.

Mkono usiosimama

Uso wa saipresi hauhitaji jiwe. Tulibandika kwanza utepe mahali patakapogundishwa daraja, maana gundi haishiki juu ya shelaki. Kisha Mzee akavuta kiti chake karibu na dirisha, akaanza kunifundisha.

Sheria ni moja: kifundo hakisimami juu ya ubao. Kinatua kikiwa kinakwenda na kinaondoka kikiwa kinakwenda, kama ndege uwanjani. Miduara midogo, halafu namba nane, halafu mistari mirefu. Kikianza kukwama, tone moja la mafuta ya zeituni linatosha kukilainisha. Mafuta hayo ni mgeni, mwisho wa kazi lazima yatolewe. Ukipatia, nyuma ya kifundo utaona mkia wa ukungu mwembamba unaotoweka mara moja, ndiyo spiriti inayopaa. Mkia usipoonekana, kifundo ni kikavu. Ukibaki ubaoni, umelowesha mno.

Mzee hakuwa anautazama mkia huo. Macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo siku hizi. Alikuwa akisikiliza. "Ongeza," angesema, amegeukia dirishani. "Punguza." "Tone la mafuta." Nami kila mara nikikagua nakuta kweli.

Tulifanya kazi asubuhi tu. Mwezi wa Agosti kwetu mvua hupiga mchana, na hewa ikiwa na unyevu mwingi shelaki hupata ukungu mweupe ndani yake. Kila siku tulipaka mara tatu, tukipumzisha saa moja au mbili katikati. Katika mapumziko hayo tulizungumza zaidi ya tulivyozungumza katika miaka tisa. Aliniuliza hasa nafanya nini kazini. Nikajaribu kumweleza. Akasema, "Kwa hivyo ni kama maungio. Hakuna anayeyaona, mpaka yaachie."

Kosa la pili

Siku ya nane nilikuwa na uso uliong'aa kiasi kwamba niliiona dirisha ndani yake. Zilibaki siku sita za likizo na nilikwisha kupiga hesabu za basi. Nilikuwa karibu na tundu la sauti nikienda mduara kwa mduara, mara simu ikalia. Ni kazini, seva imeanguka. Nikapokea kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukasimama.

Haikuwa hata sekunde mbili. Nilipokiinua kifundo kilikuwa kimeganda, kikabanduka na sauti kama ya plasta inayovutwa. Pale kilipokuwa, ufumaji wa shati la kanisani ulikuwa umechapika kwenye shelaki, kila uzi.

Nikafanya walivyofanya waandishi wote wa programu tangu dunia iumbwe: nikajaribu kurekebisha haraka kabla hajagundua mtu. Nikatia spiriti, nikasugua papo hapo. Shelaki iliyokwisha kulainika ikavutika na kuraruka, na saipresi tupu ikatokea, doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Nikatupa kifundo. Nikasema kwa sauti kwamba ningepuliza vanishi kwa kompresa ningekuwa nimemaliza Jumatatu.

Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Funga chupa. Twende tukanywe chai."

"Baba, nimeharibu."

"Nimesikia. Funga chupa."

Siku hiyo hakuniruhusu kuligusa. Nililala nikijua kwamba gitaa la mwisho la baba yangu lina kovu, na limetokana na haraka yangu.

Inavyotengenezeka

Asubuhi doa lilikuwa limekauka kabisa. Hilo ndilo somo la kwanza: shelaki laini hairekebishwi, isubiri. Tukasawazisha kingo za doa kwa msasa namba 400 na tone la mafuta. Kisha nikachukua kifundo kidogo, cha ukubwa wa ncha ya kidole, nikajenga shelaki pale pale, mipako myepesi, nikisubiri kila mara. Kufikia kesho yake doa lilikuwa limelingana na jirani zake, ingawa mpaka wake ulionekana kama pwani kwenye ramani. Ndipo Mzee akasema nipake uso mzima.

Nikapaka, na mpaka ukatoweka.

Nilidhani umefunikwa, Mzee akanisahihisha. Vanishi ya plastiki ikishakauka haikumbuki tena ilikotoka. Unachokipaka juu kinakaa juu, na ukichimba utakuta tabaka juu ya tabaka. Shelaki haiwi hivyo. Mpako mpya una spiriti, na spiriti inauyeyusha kidogo mpako wa zamani, vyote viwili vinashikana na kukauka pamoja. Ukishapaka mara mia hauna matabaka mia, una moja. Ndiyo maana samani za shelaki zilizokaa miaka mia zinaweza kutengenezwa bila kukwanguliwa.

Katika kazi yetu tuna kitufe cha kutendua. Tuna Git, kila kosa langu limehifadhiwa na tarehe na naweza kurudi kabla yake. Kwenye ubao huwezi kurudi nyuma. Kosa lipo, halijafutwa, ila limeyeyushwa likaingia kwenye mng'ao pamoja na kila kilichofuata. Nililifikiria hilo kwa muda nikiwa nasugua. Kisha nikasema, bila kuinua kichwa:

"Baba, lile neno nililokuambia mwaka 2016, la mashine."

"Neno gani?"

Alilikumbuka, najua. Nikaendelea kusugua. Baada ya muda akasema, "Mkono wako umetulia sasa."

Siku mbili za mwisho zilikuwa za kutoa mafuta: kifundo kipya, karibu spiriti tupu na matone machache ya shelaki, mipigo mirefu iliyonyooka, mkono mwepesi kama unapangusa uso wa mtoto. Ule utusitusi wa mafuta ukaondoka na nyuzi za saipresi zikajitokeza.

Nyuzi

Gitaa tuliliacha likauke wiki tano. Mwishoni mwa Septemba nikarudi Vihiga wikendi moja, tukabandua utepe, tukagundisha daraja na kulikaza kwa vibanio usiku kucha. Jumapili baada ya ibada nikavalisha nyuzi za chuma na kumpa.

Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye shingo, kana kwamba haukuwahi kuondoka. Wa kulia aliuinua kwa msaada wa ule mwingine, akauweka juu ya uso. Kidole cha shahada hakikutii. Gumba lilitii. Akapiga besi peke yake, polepole, mapigo manne, akabadilisha kidole cha kushoto, mapigo mengine manne. Nusu ya omutibo. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni.

Mimi sijui kupiga gitaa. Lakini ile nusu nyingine, ya kidole cha shahada, ameshaanza kunifundisha kwa simu kila Jumamosi. Nakosea sana. Ananiambia niache, nikanywe chai, nirudi.

Kama una gitaa la shelaki, basi: lipanguse jasho kila ukimaliza kupiga, kwa kitambaa kikavu. Usiliache ndani ya gari juani. Usiweke kikombe cha chai juu yake, wala usilisafishe kwa kitu chochote chenye pombe. Na likichubuka usiogope, wala usikimbilie kulitengeneza siku hiyo hiyo.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye hifadhidata.